Babu alituhesabu kwa Lingala

Hapa Bukavu ukimwambia mtu wa pikipiki "nishushe Saïo", hakuulizi mara mbili. Anajua ni kambi ya jeshi. Kwamba Saïo yenyewe ni mji wa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembi Dolo, hilo wengi hatulijui. Mimi nalijua kwa sababu babu yangu alifika huko kwa miguu.

Alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo enzi za Wabelgiji. Mwaka 1941 Wabelgiji waliwapeleka askari wa Kongo kupitia Sudani wakapigane na Waitaliano. Asosa ikaanguka mwezi wa tatu, kabla mwezi haujaisha na Gambela nayo, kisha tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera akasalimu amri Saïo mbele ya Jenerali Gilliaert. Yote hayo yalisomwa kwenye mazishi ya babu, polepole, pamoja na medali zake. Halafu msemaji akakunja karatasi, akaongeza: "Alikuwa pia baba mwema."

Basi. Ndoa ya miaka hamsini ikapewa maneno manne.

Nina kinyongo na maneno yale mpaka leo. Mzee mwenyewe hakuwa na hamu ya kusimulia Saïo. Ukimbana sana alikueleza njaa: mvua, chakula kisichofika, wenzake waliovimba miguu kwa beriberi. Kiboko alikitaja mara moja tu. Wakati ule askari mweusi alichapwa kihalali na jeshi lile lile alilolipigania. Nilikuwa nimemuuliza mbona yeye, mwanajeshi mzima, hachapi watoto kama baba wa jirani. Akasema fimbo alizokula zinatosha ukoo mzima, hadi vitukuu.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kadutu hapa Bukavu, mdogo ndiye aliyepakuliwa kwanza na yeye wa mwisho, hata zikiwa zimebaki sambaza tatu, vile visamaki vya ziwani, na sombe, majani ya muhogo, chini ya sufuria. Na usiku, kabla ya kufunga mlango, alipita na taa akigusa vichwa vyetu pale mkekani: moko, mibale, misato... Lingala ndiyo iliyokuwa lugha ya amri jeshini. Pesa na mbuzi hakuvihesabu hivyo. Hivyo vilikuwa vya Kiswahili na Mashi. Lingala ilikuwa ya watu. Mkono wake ulinuka tumbaku na sabuni ya kipande, na ukijifanya umelala alikufinya sikio kidogo.

Vita alivyosimulia bila kuombwa ni vya 1967, mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji wetu kuanzia Agosti hadi Novemba. Wakati huo alikuwa fundi cherehani, jeshi ameshaliacha zamani. Wakatoka usiku kushika njia ya Walungu, yeye na bibi na watoto saba waliokuwa bado nyumbani, mama yangu akiwemo, cherehani iko kichwani mwa babu. Waliposimama kupumzika akahesabu: motoba. Akarudia: motoba. Sita. Akaitua cherehani kando ya njia na kurudi alikotoka, kwenye milio ya risasi. Mjomba, yule wa tano, alikuwa amelala chini ya mgomba, amekumbatia sufuria. Waliporudi, cherehani imeshaondoka na mtu. Bibi alimtania kwa cherehani hiyo mpaka wamezeeka wote wawili.

Ningepewa mimi ile karatasi ya mazishi, ningeanza na cherehani. Saïo ingekaa mwisho, maneno manne.

Najua kuna watakaosema naidharau heshima ya askari wa zamani. Siidharau. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipomvika medali Koplo Albert Kunyuku pale Kinshasa, mzee wa miaka mia aliyepelekwa hadi Burma, nilifurahi kama ni wangu. Ila Saïo babu alitumwa. Walioamua walikuwa wengine, na kiboko kilikuwa nyuma yake. Usiku ule wa kurudi nyuma hakutumwa na mtu, wala hakuwa na bunduki.

Alikufa mwaka mmoja kabla ya vita vya 1996. Tangu hapo mji umeshikwa na wengine mwaka ule, tena 2004, tena 2025, na kila anayeingia huja na mashujaa wake wa kutangaza. Njia ya Walungu nayo imejaa akina baba waliobeba watoto mgongoni, na sijasikia hata mmoja akitajwa redioni.

Siku ile ya mazishi, hotuba ilipokwisha, tulipanda lori kurudi nyumbani. Mjomba, yule wa sufuria, alibaki chini, mkono kwenye ubao wa nyuma, akamzuia dereva asiondoke. Akaanza: moko, mibale, misato. Kwa wajukuu akapotea, akaanza upya.