Waganda walituonyesha mapema

Ndugu mwandishi unasema urafiki wa Kenya na Uganda umeanza kuharibika 2023 kwenye yale mambo ya kuagiza mafuta, lakini sisi wa Amu, yaani Lamu, tuliona mapema. 2015 marais walikubaliana bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lipite Kenya mpaka Lamu, Aprili 2016 tukasikia linaenda Tanga, Tanzania, kilometa 1,443, wakasema sababu ni usalama na gharama ya ardhi huku kwetu. Na hawa ndio tuliokuwa nao reli moja, shirika la ndege moja, jumuiya moja mpaka ikavunjika 1977. Mimi siwalaumu Waganda wallahi, ukimuuzia jirani mafuta kupitia madalali wako kwa bei ya juu atatafuta njia yake, ndio wakaenda kwa kampuni ya mafuta ya Vitol na wakatushtaki mahakama ya Afrika Mashariki, na 2024 Nairobi ikakubali Uganda iagize mafuta yake yenyewe. Uchungu wangu ni kwa wavuvi, bahari yao ilichimbwa kwa ajili ya bandari ya Lamu ya kuhudumia nchi jirani, 2018 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, sasa hao majirani wenyewe wameenda Tanga. Viongozi wetu kaeni na Kampala mzungumze vizuri, na Lamu muiite kwenye hicho kikao.