Graviti ya kwanta: fizikia inaishia wapi, maneno matupu yanaanzia wapi

Wapenzi wa nadharia za pembeni wana hoja moja wanayoitoa kila wakibanwa, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema: nadharia ya nyuzi, inayodai kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, ina zaidi ya miaka hamsini, imesomesha na kuajiri wasomi chungu nzima, na mpaka leo hakuna jaribio hata moja lililoithibitisha. Kwa nini hiyo iitwe fizikia, halafu yetu iitwe sayansi bandia? (Siwazungumzii wauza bangili za kwanta za kuondoa uchovu. Hao hawahitaji uchambuzi.)

Tatizo ambalo graviti ya kwanta inajaribu kulitatua, yaani kuziunganisha nadharia mbili kuu za fizikia, ni la kweli. Nadharia ya Einstein ya 1915 inaieleza graviti kuwa ni kupinda kwa anga na wakati. Mekanika ya kwanta, iliyokamilika miaka ya 1920, inaeleza mwenendo wa chembe. Kila moja imefaulu mitihani yote kwenye uwanja wake, lakini ukizikutanisha ndani ya shimo jeusi hesabu zinavunjika. Na uwanja zinakokutana ni mdogo kupita kiasi: urefu wa Planck, karibu mita 1.6 × 10⁻³⁵. Kuufikia moja kwa moja kwa kugonganisha chembe kungehitaji nishati takriban mara trilioni elfu moja ya ile inayotolewa na LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Kwa hiyo kipimo tulichofundishwa shuleni, kwamba sayansi ni kile kilichojaribiwa, hapa hakitenganishi mtu na mtu. Karibu wote hawajajaribiwa.

Vyeti navyo havitoshi. Igor na Grichka Bogdanoff walikuwa ndugu mapacha, watangazaji maarufu wa televisheni ya Ufaransa, ambao walipata shahada za uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bourgogne, Grichka mwaka 1999 na Igor mwaka 2002. Makala zao kuhusu hali ya ulimwengu kabla ya mlipuko mkuu zilipita kwenye majarida yenye wahakiki, likiwemo Classical and Quantum Gravity. Roman Jackiw wa MIT, ambaye si mtu mdogo katika fani hii, alikuwa miongoni mwa waliokagua tasnifu ya Igor. Kisha, Oktoba 2002, uvumi ukaenea kwa barua pepe miongoni mwa wanafizikia kwamba kazi hiyo yote ilikuwa mzaha wa kuwaumbua. Ndugu hao wakakana, wakisisitiza kwamba kazi yao ilikuwa ya dhati. Kinachonishangaza mimi si kukana kwao. Ni kwamba wataalamu waliozisoma makala zile walishindwa kukubaliana kama ni utani au la. Wahariri wa Classical and Quantum Gravity baadaye walikiri kwamba makala waliyoitoa haikustahili kuchapishwa.

Tazama dai lao moja kwa karibu. Mwaka 1851 Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya Panthéon, Paris, na watu wakaona bapa la mbembeo, yaani uso ambamo tufe linapembea kwenda na kurudi, likigeuka taratibu kwa sababu dunia inazunguka. Akina Bogdanoff waliandika kwamba bapa hilo, lielekee kokote, lazima liwe limenyooka sambamba na umoja wa mwanzo, yaani ile hali ulimwengu ulimoanzia. Sentensi ina sauti ya hesabu. Lakini umoja wa mwanzo hauko upande wowote wa ukumbi ule. Ni wakati uliopita, si mahali pa kunyooshea kidole. Na kama bapa limenyooka nao hata lielekee wapi, basi hakuna mwelekeo ambao ungelikanusha dai hilo. Ni mganga anayekuambia mgeni atakuja, leo au siku nyingine, kutoka upande wowote.

Linganisha na Garrett Lisi. Naye alikuwa mtu wa nje, hana ajira ya chuo, mwaka 2007 akaandika kwamba chembe zote pamoja na graviti zinaenea ndani ya umbo moja la hesabu liitwalo E8, lenye vipimo 248. Vyombo vya habari vikamshangilia. Lakini aliandika kwa uwazi kiasi kwamba wengine wangeweza kumkagua na kumwonyesha alipokosea. Mwanafizikia Jacques Distler na mwanahisabati Skip Garibaldi waliikagua wakathibitisha kwamba ndani ya E8, kila chembe ya maada italazimika kuwa na mwenzake wa kioo, yaani pacha aliyegeuzwa kama taswira kwenye kioo, jambo ambalo maumbile hayaonyeshi. Lisi hakukubali kushindwa na aliendelea na utafiti. Sawa. Kwangu mimi hiyo ni fizikia, hata kama ni fizikia iliyokosea, kwa sababu ilisema kitu kinachoweza kukosewa.

Je, wakubwa wa fani wanafaulu mtihani huohuo? Nusu nusu. Nadharia ya nyuzi ilipata ushindi wa haki mwaka 1996, pale Andrew Strominger na Cumrun Vafa walipohesabu entropia (kipimo cha idadi ya hali za ndani zilizofichika) ya aina maalumu ya mashimo meusi na jibu likaoana na fomula ya Bekenstein na Hawking ya miaka ya 1970. Lingeweza kutooana. Kwa upande mwingine, wengi walitarajia LHC ingeonyesha chembe za ulinganifu mkuu, wazo linaloambatana na nadharia ya nyuzi kwamba kila aina ya chembe ina mwenza mzito zaidi. Hazikuonekana, na matarajio yakasogezwa kwenye nishati za juu zaidi. Hapo wakosoaji wana haki ya kunung'unika.

Hata hivyo maumbile hayajanyamaza kabisa. Tarehe 10 Mei 2009 darubini ya angani ya Fermi ilinasa fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati kubwa ya GeV 31 kutoka mlipuko wa miale ya gama uliotokea zaidi ya miaka bilioni saba iliyopita. Ilifika ndani ya sekunde moja tangu mlipuko uanze kuonekana. Baadhi ya mawazo ya graviti ya kwanta yalitabiri kwamba anga lililoundwa kwa vipande vidogo vidogo lingeichelewesha miale ya nishati kubwa, na toleo lao jepesi zaidi lilibanwa vibaya siku ile. Baadhi ya watetezi wa graviti ya vitanzi, mpinzani mkuu wa nadharia ya nyuzi, inayosema anga lenyewe limesukwa kwa vitanzi vidogo, walijibu kwamba nadharia yao haikulazimika kutabiri ucheleweshaji huo. Huenda ni kweli, lakini jibu la namna hiyo tungelicheka likitoka kwa mtu wa pembeni.

Jaribio ninalolisubiri mimi ni lile lililopendekezwa mwaka 2017, na Sougato Bose na wenzake, na pia na Chiara Marletto na Vlatko Vedral: kuweka vipande viwili vidogo vya maada karibu, kila kimoja kikiwa katika hali mbili kwa wakati mmoja, na kuona kama graviti peke yake inaweza kuvifunga pamoja kikwanta, yaani hali ya kimoja isiweze kuelezwa bila ya kingine. Vinapaswa kukingwa dhidi ya kila nguvu nyingine, hata mtikisiko mdogo kabisa, na ndiyo maana halijafanyika. Jibu likija kwamba havifungamani, hata watu wa nyuzi na wa vitanzi, ambao wote wanachukulia kuwa graviti ni ya kikwanta, watakuwa na la kueleza.