Haibridi nyepesi: Sakina inalipa, njia ya Moshi hailipi

Suzuki Swift ya haibridi nyepesi (injini ya petroli inayosaidiwa na mota ndogo ya umeme) husifiwa na kulaumiwa kwa kosa lile lile: kuifananisha na Toyota Aqua. Aqua hutembea kwa umeme peke yake, walau kwa muda mfupi. Hii haiwezi. Mota yake ya kilowati 2.3 ni altaneta (kinachochaji betri) iliyoongezewa kazi: inaisaidia injini kuzunguka kupitia mkanda, na kuiwasha tena ikizimika kwenye foleni.

Tuanze na breki, ambako mota huvuna umeme gari linapopunguza mwendo. Gari la kilo 1,000 likiwa spidi 50 lina nishati ya kilojuli 96 hivi. Ukisimama kwa sekunde 8, mota inayovuna kwa kilowati 2.3 inapata kama 18. Nyingine zinaishia kwenye pedi. Ndiyo maana vibao vya spidi 50 vya Kikatiti na Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, havirudishi cha maana, na mteremko wa kushukia Moshi unakijaza kibetri cha chini ya kiti mapema, kisha hakuna pa kuweka zaidi. Anayekwenda na kurudi kila siku anaokoa mafuta kwa sababu Swift ni nyepesi. Mota isipewe sifa hiyo.

Foleni ya Sakina, mjini Arusha, ni habari nyingine. Injini ndogo ikinguruma gari limesimama hula kama nusu lita kwa saa, na kuizima ndiyo faida yenyewe. Baridi ya Arusha inasaidia: ukiwasha AC kwenye joto la Moshi, injini hujiwasha mapema kupoza kabini.

Kuhusu nguvu, mita 1,400 za Arusha huinyima injini isiyo na tabo karibu asilimia 14, mota haiathiriki. Utaisikia ukiondoka kwenye mlima wa Ilboru. Ila kilowati 2.3 ni farasi 3 tu, usizitegemee kulipita lori.

Faida hii ya kuzima injini huuawa dukani. Ukifunga betri ya kawaida badala ya ile ya magari yanayojizima (kwa mfano yenye alama N-55; angalia iliyotoka na gari), baada ya miezi inachoka, kompyuta inakataa kuzima injini, na umebaki na gari la kawaida bila kujua. Mkanda nao huvutwa pande zote mbili. Ukilia injini inapojiwasha, unateleza. Kuubadilisha na kuacha kikazio kilichochoka ni kuulipia mara mbili.