Kocha anayelipwa ili apoteze wachezaji

Ukiniuliza ni kazi gani ya Marekani ningeipakia kwenye kontena niishushe bandarini Dar, sitataja ya daktari wala ya mtu wa kompyuta. Nitataja ya kocha wa komyuniti koleji, yaani chuo cha jamii. Najua mtacheka, maana mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kuvaa helmeti na kugongana kama mabeberu, na sheria zake mpaka leo nazijua nusunusu. Mpira wao wabaki nao. Mimi natamani ajira ile.

Hapa Oakland, California, kuna chuo kinaitwa Laney, jirani kabisa na stesheni ya treni ya Lake Merritt. Ni chuo cha umma cha miaka miwili. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa krediti moja, kipimo cha masomo, na wasio na uwezo wengi husamehewa ada. Wahamiaji tumejaa humo: mchana kazini, jioni Kiingereza, uchomeleaji au mapishi. Anayemaliza vizuri anahamia chuo kikuu na kuanzia mwaka wa tatu.

Kijana aliyetamba sekondari lakini maksi zikamwangusha, au ambaye hakuna chuo kikuu kilichomwona, anakuja vyuo vya namna hii. Ana misimu miwili tu. Ili acheze lazima asome krediti 12, na kabla ya msimu wa pili asipofikisha krediti 24 na wastani wa 2.0 kati ya 4, atatazama mechi akiwa jukwaani. Kwa hiyo kocha anashinda akikimbizana na maksi za watoto wa watu: huyu kafeli hesabu, yule hajajaza fomu za msaada wa ada, mwingine hajaonekana darasani tangu Jumatatu. Usiku anapiga simu kwa makocha wa vyuo vikuu na kuwatumia video, awashawishi wamchukue mchezaji wake. Wakikubali, hana tena mchezaji. Kila mwaka kikosi kinabomoka, na wanaotangulia kuondoka ni wale bora. Kwetu kocha wa hivyo wanachama wangeshamwandamania getini.

Aliyeifanya kazi hiyo mpaka ikawa ya kuheshimika ni John Beam. Alikuwa Sekondari ya Skyline, hapahapa Oakland, zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004 akaenda Laney, 2012 akawa kocha mkuu, 2018 akachukua ubingwa wa jimbo. Netflix wakaja na kamera zao, kipindi kikatoka 2020. C.J. Anderson alianzia Laney, akahamia Chuo Kikuu cha California, kisha akafunga katika Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya mpira huo, mwaka 2016 akiwa na timu ya Denver. Lakini ukisikiliza watu wa Oakland wakimzungumzia Beam, majina makubwa wanayapita haraka. Wanakutajia nani alihitimu, nani sasa ni mwalimu, nani ana familia.

Nyumbani kazi hiyo inafanywa pia, tena sana, ila haina jina kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu wa michezo ana vipindi vyake vyote vya jiografia, na jioni anashuka uwanjani na mpira alionunua mwenyewe. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikikaribia kila mtu anamjua. Ikiisha anarudi kusahihisha madaftari. Kijana wake akimaliza kidato cha nne na matokeo mabaya, basi, hakuna ngazi ya katikati. Kocha wa mchangani ndiyo usiseme. FIFA imeweka utaratibu mzuri kwamba mchezaji akiuzwa kimataifa, hadi asilimia 5 ya fedha zigawiwe klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Ila timu ya mtaani isiyosajiliwa popote italipwa kwa karatasi gani? Mzee wa watu anaambulia picha ya pamoja.

Msidhani huku ni peponi. Vyuo vya jamii vya California haviruhusiwi kumpa kijana ufadhili kwa sababu ya mpira, na Laney haina mabweni, kwa hiyo wapo waliolala kwenye magari. Makocha wasaidizi wengi wanalipwa posho tu, wana kazi nyingine. Hapo nawaona ndugu zangu kabisa. Mwaka 2018 vyuo vya Maricopa kule Arizona vilifuta mpira huu katika vyuo vinne kwa mpigo, sababu gharama. Na tarehe 13 Novemba 2025 Beam alipigwa risasi katika jengo la michezo la chuo chake, akafariki kesho yake, akiwa na miaka 66. Kocha wetu wa mtaani anaweza kukosa nauli, lakini sijawahi kusikia mama yake akimwombea arudi salama kutoka mazoezini. Bunduki zao sizitaki kwenye kontena langu.

Ninachotaka ni kile cheo. Na mahali pa kukiweka tunapo: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Waswidi, viko zaidi ya 50, vingi vina viwanja na mabweni ambayo Laney haina. Wasichana tayari wanacheza soka humo kupitia mradi wa Mpira Fursa. Basi kila chuo kipewe kocha mmoja mwenye barua ya ajira, na mwisho wa mwaka mkuu wa chuo asimuulize ana makombe mangapi. Amuulize vijana wangapi wamepata cheti, wangapi wamekwenda ngazi ya juu, na wangapi wamesaini na klabu wakiwa na mkataba waliousoma wenyewe.