Msituni Gari Halina Kazi

Mwambie Mtanzania kwamba unakwenda hifadhini, na swali lake la kwanza litakuwa la gari. Mna gari? La nani? Paa lake linafunguka? Tumeshazoeshwa kwamba kutazama wanyama maana yake ni kusimama ndani ya Land Cruiser, kofia kichwani, darubini shingoni, huku dereva akipiga redio kwa wenzake ajue simba wamelala chini ya mti gani. Kwa Serengeti sina ubishi. Nyika iko wazi, mnyama unamwona angali mbali, na eneo lenyewe ni kubwa kupita kiasi cha kutembea.

Nyikani hata basi linafaa. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria aliyelipa nauli tu anaweza kuona twiga, tembo, nyati na makundi ya swala. Bahati mbaya wengi wetu tukifika pale tumelala, au tumekodolea macho filamu aliyoiweka kondakta.

Sasa shuka Mikumi mjini, kata kushoto kama unayekwenda Kidatu na Ifakara. Baada ya muda upande wako wa kulia inainuka milima ya Udzungwa, kijani kitupu, na chini yake mashamba ya miwa ya Kilombero. Mang'ula ndiko yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 2,000, na haina barabara za kuzungusha watalii kwa gari. Gari linabaki getini. Unapewa mwongozaji, mnapanda kwa miguu, basi.

Mimi naona hivyo ndivyo msitu unavyotakiwa kutembelewa, na wanaorudi kutoka Udzungwa wakisema "kule hakuna wanyama" wamekwenda na macho ya Serengeti. Wanyama wapo tele, tatizo hawajipangi mbele ya kamera. Msituni macho yako hayavuki hatua chache. Kinachokutangulia ni sikio. Tawi likitikisika huku hakuna upepo, hapo juu kuna mbega. Ganda la tunda likidondoka, mtu yuko kwenye chakula chake. Injini ya dizeli ingeyafunika yote hayo, hata kama barabara ingekuwepo.

Kama unadhani natia chumvi, chukua habari ya ngolaga. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa Udzungwa kwa ajili ya mbega wekundu walisikia mlio wa nguvu ambao hawakuutambua. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa: huyo ni ngolaga, nyani wa msitu huu, tunamjua. Sayansi ilikuwa haimjui. Leo vitabu vinamwita kwa jina la Sanje, kijiji kilicho jirani, na haishi kwingine kokote duniani nje ya milima hiyo. Mnyama mkubwa kiasi kile, mwenye kelele kiasi kile, alipatikana kwa sababu watu walikuwa wanatembea, wanasikiliza, na wamefuatana na mtu anayelijua pori. Na hakuwa wa mwisho. Mwaka 2008 alitangazwa sange mpya (sange ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu) kutoka milima hiyohiyo, mwenye uso wa kijivu, uzito wake kama gramu 700, mkubwa kuliko sange wote waliokuwa wanajulikana.

Ndiyo maana nasema pesa yako msituni iende kwa mwongozaji kabla ya kitu kingine. Kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi kama Mikumi na Udzungwa hakifiki shilingi 10,000, na hapo ndipo watu wengi wanapoanza ubahili: wanaomba mwongozaji mmoja kwa kundi la watu thelathini wa safari ya ofisi, wanapanda na spika ya bluetooth, wanafika maporomoko ya Sanje, wanapiga picha, wanashuka. Maporomoko yenyewe ni mazuri mno, maji yanaanguka kama mita 170 kwa ngazi tatu, na ukisimama juu bonde la Kilombero lote liko miguuni pako. Lakini kwa maporomoko tu hukuhitaji kupita msituni kimya. Tembeeni watano au sita. Mwambieni mwongozaji tangu getini kwamba hamna haraka, maana wengi wao wamezoea wageni wanaotaka kufika juu na kurudi wakala.

Kutembea si njia pekee, nakubali. Upande wa Kenya, kwenye misitu ya Aberdare, wana desturi ya kukaa. Unalala kwenye hoteli iliyojengwa kando ya kidimbwi na chumvi ya wanyama kulamba, na nyati, tembo na fisi wanakuja wenyewe usiku. Treetops ilianza mwaka 1932, na ndiko alikokuwa Elizabeth usiku wa Februari 1952 baba yake alipofariki na yeye kuwa malkia. The Ark ilifuata mwaka 1969. Pale ukiwa umelala, kengele inakuamsha akitokea mnyama wa maana. Zamani niliona huo ni utalii wa wavivu. Siku hizi nauheshimu, maana unamwachia mnyama aamue. Ninachokitilia shaka ni chumvi: mnyama aliyeitwa kwa chumvi si sawa na mnyama uliyekutana naye njiani kwake.

Halafu kuna fasheni ya madaraja ya kutembea juu kwenye miti. Rwanda walijenga la Nyungwe, likafunguliwa mwaka 2010, urefu kama mita 160 na kimo cha karibu mita 70 pale bonde linapozama zaidi. Kwetu lipo la Ziwa Manyara, linapita katikati ya matawi. Watoto wanalipenda, na nadhani ni njia nzuri ya kumwonyesha mtu kwamba msitu una ghorofa, kila ghorofa na wakazi wake. Ila daraja linayumba, watu wanapiga kelele, na aliyekuwa tawini ameshahama. Manyara kama unalala karibu, ulizia safari ya usiku. Komba na kanu hutawaona saa nne asubuhi hata ungejengewa madaraja kumi.

Unguja, Jozani, mambo ni rahisi kupita kiasi. Kima punju wamezoea watu hadi wanakula majani umbali wa hatua chache, na wageni wanasahau kwamba huyo ni mnyama adimu asiyepatikana nje ya Zanzibar. Ilibidi barabara inayopita pale iwekewe matuta kwa sababu magari yalikuwa yanawagonga.

Mfano wa utaratibu ninaoutamani kila msitu ni wa sokwe wa Gombe na Mahale. Unafika kwa boti kupitia Ziwa Tanganyika. Mahale hakuna barabara ya watalii ndani ya hifadhi, ni miguu. Kundi dogo, saa moja tu mbele ya sokwe, umbali wa mita kumi, barakoa usoni kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Ukiwa na kikohozi unabaki kambini, hata kama umetoka Ulaya na umeshalipa. Wapo wanaoona masharti hayo ni usumbufu. Mimi naona ndiyo yanayofanya saa hiyo iwe na thamani. Ukijua muda ni mfupi, simu unaiweka mfukoni mapema.

Kwa anayetaka kuanza, Udzungwa ndiyo nafuu, na hata bila gari binafsi inafikika: mabasi ya Ifakara yanapita Mang'ula, na reli ya TAZARA nayo inapita, ikiwa imeshakatiza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo kaa dirishani. Kati ya Machi na Mei mvua ni nyingi na njia zinateleza. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kupanda. Viatu viwe vya kushika udongo, si raba nyeupe za picha. Suruali ndefu, ncha zake uzitumbukize ndani ya soksi, hata ukichekwa getini. Siafu hawaangalii umevaaje juu.