Apt, Flatpak au Snap: uchaguzi wa meneja wa vifurushi na hesabu ya bando Mtwara na Lindi

Tangu Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali la Linux, mfumo huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, si la wanafunzi wa kompyuta peke yao. Limeingia kwenye steshenari, kwenye ofisi ndogo na kwenye maabara za shule, yaani kila mahali penye mashine za zamani ambazo Windows 11 haizikubali. Wengi wanaouliza hujibiwa kwa majina ya mifumo: chukua Ubuntu, chukua Mint, chukua Fedora. Ninavyoona mimi, baada ya mwezi wa kwanza kinachomgusa mtumiaji zaidi ya jina hilo ni meneja wa vifurushi (kifurushi hapa ni programu iliyofungwa kwa ajili ya kusakinishwa, si bando la simu), yaani chombo kinachotafuta programu kwenye ghala la mtandaoni, kinaileta pamoja na kila kitu inachokitegemea, kinaisakinisha na baadaye kuisasisha.

Yapo maoni yanayosikika sana siku hizi kwamba mjadala huu umeshafungwa. Wanaoyashikilia husema Flatpak, meneja asiyefungwa kwenye mfumo mmoja, inafanya kazi karibu kwenye kila mfumo wa Linux na programu zake ni mpya, kwa hiyo meneja wa asili wa mfumo abaki na kazi ya kutunza kernel (kiini cha mfumo) na viendeshi vya vifaa tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini imezaliwa mahali ambapo intaneti hulipiwa kwa mwezi bila mtu kuhesabu MB. Mtumiaji wa Newala au Nachingwea anayewasha hotspoti ya simu kwa bando la wiki anafanya hesabu nyingine kabisa, na ni haki yake kuuliza kila chombo kinamgharimu kiasi gani kabla hajasifiwa ubora wake.

Tuanze na apt, meneja wa asili wa mfumo wa Debian, iliyokuja na Debian 2.1 mwaka 1999 na ambayo leo inatumiwa pia na Ubuntu na Mint. Ukiiagiza isakinishe LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, haianzi kupakua kitu. Huorodhesha vifurushi vyote vitakavyoguswa, husema vitapakuliwa MB ngapi na vitachukua nafasi gani kwenye diski, kisha husimama na kukuuliza kama uendelee. Kwa mtu aliyebakiwa na MB 300 hadi Jumapili, swali hilo ni la thamani kubwa. Aidha, vifurushi vya Debian hutegemeana: maktaba moja (mafaili ya msimbo wa pamoja) ya kushughulikia picha huwekwa mara moja na kutumiwa na programu zote, kwa hiyo programu ya kumi huwa nyepesi kupakua kuliko ya kwanza.

Gharama yake ni uzee wa programu. Debian hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili, na kati ya matoleo hayo hurekebisha kasoro za usalama bila kupandisha programu nyingi kwenye matoleo mapya. Aliyesakinisha Debian 12 mwaka 2023 alipewa LibreOffice 7.4, na aliendelea nayo hadi Debian 13 ilipotoka Agosti 2025 na LibreOffice 25.2, isipokuwa kama alijua kutumia backports, ghala la ziada lenye programu mpya zaidi. Kwa anayeandika barua hilo si tatizo. Kwa steshenari inayopokea nyaraka za Word kutoka kwa wateja wa kila aina, zenye majedwali na nembo zinazohama mahali pake faili likifunguliwa, miaka miwili ya marekebisho ni mingi, na hapo wanaoitetea Flatpak wana hoja ya kweli.

Flatpak hubeba programu pamoja na mazingira yake ya kuendeshea, na mazingira hayo hushirikiwa na programu nyingine zilizojengwa juu yake. Nayo haifichi gharama: ukiiendesha kwa amri, huonyesha jedwali lenye safu ya ukubwa wa upakuaji, na alama ya kudogosha (<) mbele ya tarakimu humaanisha kwamba kiasi hicho ndicho cha juu kabisa, kwa sababu mafaili ambayo tayari yapo kwenye mashine hayapakuliwi tena. Tatizo ni kwamba programu ya kwanza huvuta mazingira ya mamia ya MB, na ya pili huenda ikahitaji toleo lingine la mazingira hayohayo, kwa kuwa kila mtengenezaji husasisha kwa wakati wake. Mwenye kadi ya NVIDIA hupakua pia kiendeshi kingine ndani ya Flatpak, mbali na kile cha mfumo. Hivyo Flatpak ni ghali kwa anayehitaji programu moja, na huanza kulipa kwa anayezitumia nyingi.

Snap, meneja wa Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ndiyo inayolaumiwa zaidi, na si lawama zote zina haki. Kweli, kwa kawaida yake hutafuta masasisho mara nne kwa siku na kuyasakinisha bila kuuliza, na hiyo kwa mwenye bando ni sawa na kumwachia mtoto simu yenye vocha. Lakini tangu mwishoni mwa 2022 inawezekana kuyazuia masasisho hayo kwa amri moja hadi utakapoamua mwenyewe, na upo mpangilio wa kuyasimamisha mashine inapotambua kuwa intaneti ni ya kupimwa. Lawama inayobaki na nguvu ni nyingine: kuanzia Ubuntu 22.04, anayeagiza kivinjari cha Firefox kwa apt huletewa Snap. Canonical ina sababu zake, kwa kuwa Mozilla wenyewe, watengenezaji wa Firefox, ndio wanaoitoa Snap hiyo na marekebisho hufika mapema, ila kubadilisha alichoomba mtu bila kumuuliza ni jambo nisiloweza kulitetea. Mint waliifungia njia hiyo mwaka 2020. Na tangu Januari 2024 Mozilla wana ghala lao la apt, kwa hiyo hata anayetaka kivinjari kipya kabisa halazimiki kutoka nje ya apt.

DNF, meneja wa mfumo wa Fedora, ni imara, ingawa kwa miaka mingi ilisifika kwa kuvuta orodha nzito za ghala hata unapotafuta programu ndogo. Fedora 40 ilipunguza mzigo huo. Pacman, meneja wa mfumo wa Arch, ni ya haraka, lakini mfumo wake hauungi mkono usasishaji wa nusu: ama unasasisha vyote au unajitafutia matatizo, na mtu anayekaa miezi mitatu bila bando la maana hukuta GB kadhaa zinamsubiri. Kwa mazingira yetu ningeiacha.

Hadi hapa tumehesabu kana kwamba kila mashine inajipakulia peke yake. Kwa maabara ya shule yenye kompyuta ishirini, au kwa fundi anayezunguka kati ya Mtwara, Masasi na Ruangwa, swali la kweli ni kama kilichopakuliwa mara moja kinaweza kutumika tena. Mei 2024 lilijibiwa kwa vitendo: mvua zilizofuata kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, na mwezi huohuo hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti ya nchi nzima. Aliyekuwa na vifurushi kwenye flashi aliendelea na kazi.

Apt ina nguvu hapa, lakini ina mtego mdogo. Wengi wameambiwa wanakili mafaili kutoka folda ya /var/cache/apt/archives, wakifika wanaikuta tupu. Sababu ni kwamba tangu toleo la 1.2 amri ya apt hufuta mafaili baada ya kusakinisha, ilhali amri ya zamani ya apt-get huyaacha. Kwenye maabara ni bora kuweka apt-cacher-ng, programu inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, kwenye mashine moja, nyingine zote zipitie kwake, na kila kifurushi kiingie shuleni mara moja tu. Kwa mashine isiyo na intaneti kabisa ipo apt-offline, ambayo huandika mahitaji kwenye faili dogo. Faili hilo hupelekwa kwenye kompyuta yenye mtandao, hata ya Windows, na mzigo hurudi kwa flashi. Saini za kidijitali za ghala bado hukaguliwa. Anayesakinisha faili la flashi moja kwa moja kwa dpkg, chombo cha chini cha kusakinisha ambacho apt hukitumia, hana kinga hiyo.

Hata hivyo, kwenye uwanja huuhuu wa flashi, Flatpak inaishinda apt kwa jambo moja. Amri yake ya create-usb huweka programu na mazingira yake pamoja na saini, na flashi hiyohiyo husakinisha kwenye Debian, Mint au Fedora, mradi aina ya prosesa ifanane. Vifurushi vya apt hutaka mfumo uleule na toleo lilelile. Kwa fundi anayehudumia wateja wenye mashine za kila namna, hiyo ni tofauti kubwa, na ninashangaa kwamba watetezi wa Flatpak huitaja kwa nadra.

Kuhusu usalama, kila upande husema zaidi ya inavyostahili. Ucheleweshaji wa Debian uliwakinga watumiaji wa toleo lake thabiti Machi 2024, pale mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili, ulipofika hadi matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Flatpak nayo hutenga programu na mfumo, lakini programu kadhaa kwenye Flathub, ghala kuu la Flatpak, huomba ruhusa ya kusoma folda yote ya mtumiaji, na utengano huo hubaki jina. Duka la Snap liliwahi kupitisha pochi bandia za sarafu za kidijitali.

Kwa mashine moja inayotegemea hotspoti, basi, ningeweka Debian au Mint, kila kitu kwa apt, na Flatpak kwa programu moja au mbili ambazo upya wake unaingiza pesa, LibreOffice ikiwa ya kwanza kwa steshenari. Fundi mwenye wateja wengi na njia ya intaneti ya uhakika mjini anaweza kugeuza mpango huo na kuifanya Flatpak kuwa ghala lake kuu la kutembea nalo. Anayebaki na Ubuntu asiiondoe Snap kwa hasira. Azuie masasisho yake ya kujiendesha, kisha ayaruhusu mwenyewe kila anapopata Wi-Fi ya ofisi, kwa sababu kivinjari kisichosasishwa miezi sita ni hatari kubwa kuliko MB zilizookolewa.