Bosi Si Mzee wa Ukoo

Nilikuwa kibarua katika ofisi moja ya umma hapa Nairobi siku ambayo mama mmoja kutoka Kayole aliingia mapokezi, mtoto mgongoni, bahasha ya kaki mkononi. Alitaka kuonana na bosi wa mumewe. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha, na jumbe za M-Pesa alizokuwa amezichapisha saiba. Kufikia saa sita hakuna meza ambayo haikuwa na habari za mpango wa kando. Mume akapewa barua ya kujieleza. Mama akarudi kwake bila karo, na hiyo karo ndiyo iliyomleta.

Huwa namkumbuka kila nikisikia watu wakidai mtumishi wa umma aadhibiwe kazini kwa anayoyafanya katika ndoa yake. Hoja yao huanzia kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 75 kinamtaka afisa wa serikali asiivunjie heshima ofisi yake, hata katika maisha yake ya faragha. Sawa. Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inauhesabu uzinzi kuwa sababu ya kwenda kortini kuomba talaka. Sheria hiyo pia inatambua mitala katika ndoa za kimila na za Kiislamu. Hebu niambie, bosi aliyesomea uhasibu atajuaje yupi ni mke wa pili na yupi ni mpango? Ataomba ushahidi wa mahari?

Indonesia walijaribu. Tangu 1983, mtumishi wa serikali huko huhitaji idhini ya mkubwa wake kazini kabla ya kutaliki au kuoa mke wa pili. Mwaka 1990 wakaongeza kwamba mtumishi mwanamke haruhusiwi kabisa kuwa mke wa pili, wa tatu wala wa nne. Mwanamume anaomba ruhusa, mwanamke anakatazwa. Mimi hapo naona ofisi imevaa kanzu ya mzee wa ukoo.

Ila kanuni hizo zina kipengele kimoja ninachokitamani: mwanamume akitaka talaka, thuluthi ya mshahara wake huenda kwa mke aliyeachwa na thuluthi nyingine kwa watoto. Hilo lingemfaa mama wa Kayole kuliko barua kumi za kujieleza.

Basi nauweka mpaka wangu hapa. Polisi anayempiga mkewe, mwajiri aingilie mara moja, kwa sababu bunduki aliyo nayo nyumbani ni ya serikali. Anayetumia gari la ofisi kumpeleka mpenzi Naivasha, ashtakiwe kwa gari. Mkubwa anayemtongoza aliye chini yake, tena kwa ahadi ya cheo, afutwe. Aliyekataa kulea watoto wake, mahakama iamuru na mhasibu akate mshahara. Kilichobaki ni chao wawili, na wazee wao, na mahakama wakiitaka.

Yule mume alihamishiwa kituo kingine, cheo kilekile. Mpango wa kando alikuwa karani wa mkataba, ghorofa ya pili. Mkataba wake ulipoisha mwezi wa sita, haukurefushwa.